Upepo Unaokula Petroli

Mkomaindo, Masasi
14 Novemba 1994

Kaka yangu mpendwa Bartholomayo,

Shikamoo, Kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Morogoro, wewe na Wifi na watoto, na kile kifua chako cha kila mwaka kikiwa kimetulia. Sisi huku hatujambo kwa neema ya Mungu. Bibiana ameingia darasa la kwanza na sasa anasoma kila kilichoandikwa, hata mifuko ya saruji. Korosho zimezaa vizuri, maji hakuna, joto lipo. Cherehani yangu bado inazunguka, ingawa siku hizi watu wanavaa mitumba, na wanaonijia wanakuja kupunguza suruali za Wazungu walionenepa.

Salamu ziishie hapo. Najua Mjomba Nikolao amekuandikia, maana alikuja mwenyewe kuniarifu, amevaa koti lake la kikao ingawa kikao chenyewe bado. Najua amekuita uje mwezi ujao, korosho zikishauzwa, mkae barazani kwa Mama kule Newala mumrudishe mume wangu, aliyenifuata kwetu kama mila yetu inavyotaka, kwao Lulindi kama ndoo iliyotoboka. Wewe ndiye uliyesimama upande wetu siku nilipoolewa na Fortunatus, na bila neno lako ukoo hauwezi kuivunja ndoa yangu. Nilimkumbusha Mjomba kwamba tulifunga kanisani. Akanijibu kwamba kanisa lina ndoa yake na ukoo una ndoa yake, na ile ya kanisa naweza kubaki nayo. Basi kabla hujakata tikiti ya basi, usikie habari nzima kutoka kwa mtu anayelala nyumba moja na mshtakiwa.

Shtaka umelisoma: ati mkwe ameng'oa keria juu ya gari lake kwa dharau, ili asimpandishie mama mkwe maji wala asimshushie Mjomba korosho. Keria kweli ameing'oa. Na angeishia kwenye keria mimi ningenyamaza.

Unalifahamu lile gari, Pijo ndefu, alilolinunua kwa kiinua mgongo chake pale chama cha ushirika kilipopunguza madereva na wanunuzi binafsi wakaingia na malori yao. Gari hilo ndilo shamba letu. Linapeleka abiria Newala asubuhi na kuwarudisha jioni, na siku likilala gereji sisi tunalala na uji. Sasa mwisho wa mwezi wa saba Fortunatus akaanza kueleza watu kwamba redio imesema upepo unakula petroli. Gari likienda, ati, linasukumana na upepo, na kila kilichotokeza nje kinaukamata, na injini inakunywa zaidi ili ipite. Gari laini kama yai linapita bila ugomvi. Wazungu wameshapima. Mume wangu, mtu ambaye tangu nimjue hajawahi kubishana hata na karani wa nauli, akawa mwalimu wa upepo mji mzima.

Alianza na keria. Akafungua boliti, akaiegemeza ukutani nyuma ya jiko. Wiki iliyofuata akang'oa vioo vya pembeni, vyote, akawa anamtegemea abiria wa dirishani amwambie kama nyuma kuna lori. Akang'oa na waipa, kwa hoja kwamba mvua bado iko mbali. Kisha akaenda kwa Swalehe, fundi bati wa pale sokoni, wakaziba uso wa gari kwa bati, yale matundu ya mbele yanayopeleka hewa kwenye rejeta, maana matundu nayo ati yanameza upepo. Chini wakalivalisha sketi ya mpira wa matairi ya lori, ikawa inafagia barabara kuliko manispaa. Na nyuma, Kaka, wakalitia mkia. Mkia wa bati la paa, umechongoka, umepigwa ripiti kila mahali, urefu wake mtu mzima analala humo akajinyoosha. Aliniambia kwamba ndege ana mkia na samaki ana mkia, na Mungu hakuwapa kwa pambo. Nikamwambia hata mbuzi anao.

Nimeona aibu, sikufichi. Nilikuwa nikisikia gari linakuja nainamisha kichwa kwenye cherehani kama mtu anayetafuta sindano. Maana barabara ya Newala unaijua. Kutoka hapa mpaka mlimani ni mchanga na makorongo, na gari linakwenda mwendo wa mama aliyejitwika ndoo. Kuku anavuka mbele ya gari, anafikiri, anarudi. Upepo gani utakaokutana nao kwa mwendo huo? Feni ya duka la dawa ina nguvu zaidi.

Lakini wanaume wa gerejini, wale wanaokalia matairi mabovu tangu asubuhi wakingoja mtu aharibikiwe, wakaona ni hekima kubwa. Swalehe akaapa kwamba na yeye alikisikia kipindi kile cha redio, akaiga mpaka sauti ya mtangazaji. Mwingine akasema vilikuwa vipindi viwili, na cha pili ndicho kilichoeleza habari ya mkia. Watu wazima na ndevu zao. Nikawa napita pale na vitambaa vyangu kichwani nasikia wanabishana kama mkia uelekee juu au chini, nikajua kwa nini nchi hii haiendelei.

Siku ya kwanza ya bati la mbele, gari lilichemsha katikati ya mlima. Lingeachaje kuchemsha, nalo limezibwa pua? Abiria wakashuka wote, pamoja na mwinjilisti aliyekuwa anawahi maziko, wakapanda kwa miguu huku gari likiwafuata nyuma linatoa moshi. Mkia nao ukaachia ripiti. Ikabidi vijana wawili, waliokwisha kulipa nauli yao kamili, waubebe begani mpaka juu. Kesho yake Fortunatus akalibandua bati la mbele na kusema upepo wa mbele ameusamehe. Mkia akaurudisha na ripiti mpya.

Na hata hivyo petroli ilipungua kuliwa. Nasema kweli ingawa inaniudhi. Kila jioni alikuwa anatumbukiza kijiti kwenye tangi, na kijiti kikawa kinatoka kimelowa juu kuliko zamani, naye anakileta mpaka mlangoni nikione kabla hajavua viatu. Madereva wenzake wawili wa njia ile wakaona, nao wakang'oa keria zao. Upepo, wakasema. Wamegundua upepo. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza juu ya keria kulikuwa na nini.

Mimi nakukumbusha kulikuwa na nini. Kwanza kulikuwa na maji ya Mama. Mwanzoni yalikuwa madumu mawili ya kunywa, na hapo simlaumu mtu, maana bomba la kule juu linatoa hewa tangu mwezi wa sita, na mwanamke wa umri wake hawezi kushuka bondeni na kupanda tena na ndoo kichwani. Mkwe ni mtumishi wa ukweni, ndivyo tulivyolelewa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Fortunatus hakungoja ya tatu. Lakini ndizo siku hizi za ruksa, kila mtu mfanyabiashara, na Mama akagundua kwamba jirani naye ana kiu. Madumu mawili yakawa manane. Anauza barazani kwa ndoo, amekalia kigoda na ufunguo wa stoo shingoni, na ukimuuliza atakuambia ni maji ya mkwe wangu, Mungu ambariki. Springi zinavunjika, baraka zinaongezeka.

Kushuka ndiyo ilikuwa zamu ya Mjomba. Zamani korosho zake zilingoja lori la ushirika kijijini kama za watu wote. Sasa wanunuzi wako Masasi na anayewahi ndiye anayepata bei, kwa hiyo msimu uliopita magunia yake yalipanda keria, na ya shemeji yake, na ya jirani aliyeahidi kutoa chochote kwa ajili ya usumbufu. Hicho chochote kiliingia mfukoni mwa Mjomba. Ukwe wa siku hizi, Kaka, una faida kuliko duka. Na jioni wanakaa na kahawa yao wanasikitika kwamba vijana wameacha mila.

Sasa msimu umefunguliwa tena na keria hakuna, ndiyo maana mila zimekumbukwa kwa nguvu hivi. Mwezi uliopita Mama alishuka Masasi mwenyewe. Alikuja mpaka mlangoni kwetu, akakataa kuingia, akakaa kwenye kizingiti. Nikampa maji ya kunywa, akayakataa. Unajua maana yake mama mkwe kukataa maji kwenye nyumba ya mkwe wake, na majirani wote waliokuwa wanachungulia nao walijua. Fortunatus akachuchumaa uani mbele yake, kofia mkononi, akaanza kumweleza habari ya upepo. Alimweleza ndege, akamweleza samaki, akamweleza yai. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akauambia ukuta kwamba marehemu baba yetu alipokuwa anamposa alimchotea bibi maji kwa kichwa chake mwaka mzima, na hakuna upepo uliomsumbua.

Kaka, laiti ungemwona mume wangu pale. Aliinuka, machozi yamemlenga, akasema keria itarudi juu ya gari jioni ile ile. Akachukua spana akaenda nyuma ya jiko. Keria haikuwepo. Akaitafuta kwenye banda, akaitafuta kwa jirani, akarudi amenyoosha mikono mitupu mbele ya mama mkwe wake. Mama akaondoka akisema mkwe ameshaiuza keria na sasa anaigiza. Wiki haikwisha Mjomba akashika kalamu.

Hakuiuza. Juu ya keria ndipo ninapoandikia barua hii. Swalehe aliikatakata nikiwa nimesimama hapo hapo, akanichomelea miguu ya meza ya cherehani, na vyuma vilivyobaki vimekuwa mlango wa banda la kuku. Nilijua siku moja Mama atakuja, na nilijua mume wangu hataweza kumwangalia usoni dakika tano bila kuirudisha. Nikaiondoa kabla.

Na kipindi cha redio hakikuwepo. Redio yetu haina betri tangu Pasaka. Upepo ni wa kwangu mimi, niliutunga hapa hapa barazani nikiangalia kanga zinavyovutwa kambani, nikamwambia Fortunatus kwamba nimeusikia kwa watu wa mjini waliousikiliza redioni. Wale walioapa kwamba nao walikisikia, waache waendelee kuapa, wanaume hawa hawakosi la kuapia. Juzi mwalimu mmoja wa fizikia, aliyekuja kushonesha kaunda suti, aliniambia kwamba jambo lenyewe ni kweli, gari laini hula mafuta kidogo, ila mpaka likimbie mwendo ambao barabara yetu ingelivunja kabla halijaufikia. Kwa hiyo nimedanganya ukweli. Sijui hiyo ni dhambi ya namna gani, na Padri sitamuuliza. Ninachojua ni kwamba petroli ya mume wangu haikuliwa na upepo. Kikulacho ki nguoni mwako. Waliokuwa wanaila ni sisi, ukoo wa mke wake, na sasa hatupo juu ya gari, na kijiti kinalowa.

Utaniuliza kwa nini sikumwambia tu akatae. Nilimwambia. Alinitazama kama nimemwambia avue nguo sokoni. Mkwe hakatai, alisema, na akaenda kulala chini ya gari kufunga springi kwa waya. Mtu mwenye adabu ya namna hii humfundishi kukataa. Unampa sababu ambayo haimtukani mtu, na upepo hauna mjomba wa kuja kukasirika.

Na kama unataka kujua ni siku gani niliamua, nitakuambia, ingawa Fortunatus alinikataza nisikuandikie. Katikati ya mwezi wa saba alikuwa anashuka mlima na abiria, juu kuna mzigo mpaka gari limezama nyuma. Breki zikaungua. Hakuna aliyekufa, kwa sababu aliligongesha gari ukingoni kwa makusudi kabla ya kona. Bibiana alikuwa kiti cha mbele, alikuwa anatoka kwa bibi yake. Nilikuandikia kwamba alijikwaa kwenye ngazi za kanisa akapasuka paji la uso. Hayo yalikuwa maneno ya Fortunatus, ili usijisikie vibaya. Alikuja nyumbani kambeba mgongoni, kichwa cha mtoto kimefungwa shati lake, yeye kifua wazi. Akamkabidhi kwangu, nikampeleka hospitali. Niliporudi nikamkosa. Alikuwa amerudi mlimani, anaokota njugu mawe mchangani, moja moja, kwa sababu gunia lilikuwa limepasuka na lilikuwa mali ya ukweni.

Kaka, gunia lile lilikuwa lako. Mzigo wote ule wa juu ulikuwa wako: makopa ya muhogo uliyomwagiza Mama, na mtama, na zile njugu. Ulisema ni kwa ajili ya watoto wasisahau chakula cha kwetu. Wifi, ambaye hajui kuficha, aliniandikia kunishukuru kwamba mlipata bei nzuri sokoni. Na wewe uliandika kwamba njugu za mwaka huu zilikuwa na mchanga.

Fortunatus aliisoma barua yako hapa mezani. Akasema kwamba kweli, angezipepeta vizuri zaidi. Hilo ndilo lililokuwa neno lake lote. Wazee wetu walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mimi nasema hata kanda la usufi likiwekwa juu ya mtu asiyejua kusema basi, litamuua.

Yeye mpaka leo hajui kwamba upepo niliutunga. Anaamini. Jumapili akitoka kanisani anaupangusa ule mkia kwa kitambaa. Ni upumbavu mtupu, nimekwambia, na nitaendelea kuucheka mpaka ukatike wenyewe. Lakini ni kitu cha kwanza maishani mwake alichokitengeneza bila kutumwa na mtu. Ndiyo maana kumwambia kunaniwia vigumu kuliko kuwaambia ninyi. Nitamwambia hata hivyo kabla ya kikao, asije akasikia mbele za watu. Kisha barazani kwa Mama nitasimama na kusema kwamba aliyemng'olea keria ni mwanawe wa kumzaa, na aliyeikata ni huyo huyo. Mama atalia, Mjomba atavua koti. Mbele yao nitasema pia kwamba madumu mawili ya kunywa hayajakosa kupanda hata siku moja, yanakwenda chini ya kiti cha nyuma, na Mama anayapokea kimya. Hilo Mjomba hakuliona la kuandika.

Sikuombi unitetee. Ninaomba neno lako lisitoke. Wakikuuliza kama ukoo umrudishe Fortunatus kwao, nyamaza tu, na kwa kunyamaza kwako mimi nitabaki na mume wangu na mtoto atabaki na baba. Ukishindwa kunyamaza, basi useme na habari ya njugu, wajue ni mtu gani wanayemfukuza na alikuwa anaokota nini. Na ujue kwamba wakimrudisha Lulindi mimi nitakwenda naye, nikaishi ukweni, jambo ambalo mwanamke wa ukoo wetu hajawahi kulifanya. Cherehani nitaichukua na miguu yake.

Barua imekuwa kali na sitaomba radhi, ila heshima yako kwangu iko pale pale. Msalimie sana Wifi, mwambie vitenge alivyovitaka nitavishona asipovituma kwa mkupuo. Cuthbert na wadogo zake wabusu kwa niaba yangu. Bibiana anakuamkia, na Mama anakusalimu, yu mzima na biashara yake.

Utashuka stendi ya Masasi jioni. Fortunatus atakuwa amekwisha kufika kukungoja, maana kwa watu wa ukweni hachelewi. Atakuamkia, kisha atanyoosha mkono akupokee begi. Libebe mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Dorika, Mama Bibiana